Mkono uliogeuza valvu

Mama yangu anakaa Mtongwe, ng'ambo ya Kilindini, bandari ya Mombasa, na uani kwetu ukisimama unaziona dohani za meli zilizofunga gatini. Msimu wa kusi hatuna neno. Kaskazi ikishika, upepo unatoka bandarini na kutujia sisi. Tangu utoto wangu, mama haaniki nguo kabla hajatoka uani kuangalia ng'ambo. Akikosea, leso anazikuta na vidoadoa vyeusi vya masizi, na ole wako uvipanguse kwa kidole, maana vinageuka mistari. Hapo ni kufua upya, na maji tunanunua kwa mtungi.

Desemba 2016 nilikuwa oila, fundi msaidizi wa chumba cha injini, kwenye meli ya mizigo iliyotoka Rotterdam kuja Mombasa. Nikapewa ruhusa ya siku moja, nikavuka kwenda kumwamkia mama. Meli yetu ilikuwa ng'ambo pale, jenereta zinanguruma, dohani inatoa moshi mweusi.

"Hiyo ndiyo meli yenu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Akaitazama kitambo. "Na huko Ulaya nako mnatoa moshi namna hii?"

Sikumjibu. Jibu nilikuwa nalo, tena nilikuwa nalo kuliko mtu yeyote pale Mtongwe, kwa sababu valvu niliigeuza mimi kwa mkono wangu.

Ndani ya injini mambo yalikuwa hivi. Meli ina matangi ya mafuta ya aina mbili. Kuna hevi, mafuta mazito yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa kiwandani. Yakipoa yanakuwa kama lami, kwa hiyo lazima uyapashe moto wakati wote, na yakifika kwenye injini joto lake ni karibu nyuzi 130 au 140. Halafu kuna dizeli ya meli, nyepesi, safi, na ghali. Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini na Mfereji wa Uingereza ni eneo la udhibiti chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, Kiambatisho cha 6. Tangu Januari 2015, meli ikiwa ndani ya eneo hilo hairuhusiwi kuchoma mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.1. Salfa ni kile wazee walichokiita kiberiti, na kikiungua kinatoa gesi inayochoma kifua na kuzaa vumbi jembamba linaloingia hadi ndani ya mapafu.

Nje ya eneo hilo, mwaka ule, ruhusa ilikuwa asilimia 3.5. Hiyo ni mara 35.

Basi tukitoka Rotterdam tunateremka mfereji na dizeli. Tukivuka mstari wa digrii 5 magharibi, mpaka wa eneo lile, simu inalia kutoka daraja la juu meli inakoendeshwa, sekondi, yaani injinia wa pili, ananiashiria, nami naanza kurudisha hevi. Kazi hiyo haina haraka. Joto la mafuta halitakiwi kupanda zaidi ya nyuzi 2 kwa dakika, kwa sababu ukikimbilia, pampu za mafuta zinakwama na meli inazimika katikati ya njia. Unasimama na kipimajoto mbele ya macho, mkono kwenye valvu, jasho linakutiririka, unafungua kidogo, unangoja, unafungua tena. Tukimaliza, sekondi anaandika kwenye kitabu tarehe, saa, mahali tulipo na mafuta yaliyobaki tangini. Kuanzia hapo hadi Kilindini ni hevi tupu, njiani na gatini pia. Sheria hatukuivunja hata herufi moja, na hilo ndilo lililoniuma mbele ya mama. Mstari ulichorwa ukalinda vifua vya watu wa Rotterdam na Dover, na mimi nikiuvuka tu nafungua valvu kuja nyumbani kwetu.

Tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha dunia nzima kilishuka kutoka 3.5 hadi 0.5. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilikadiria kuwa oksidi za salfa kutoka melini zingepungua kwa asilimia 77, takriban tani milioni 8.5 kwa mwaka. Machi mwaka huohuo ikawa marufuku hata kuyabeba tangini mafuta yaliyozidi kiwango kwa ajili ya kuyachoma, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kuosha moshi. Marufuku hiyo naisifu kuliko yote. Bila yake, nani angejua katikati ya Bahari ya Hindi saa nane za usiku tunachoma nini?

Inayoishikilia sheria hii ni chupa ndogo. Meli ikipokea mafuta, pale mpira wa mashua ya mafuta unapoungana na bomba letu panafungwa kifaa kinachodondosha tone, tone, tangu mwanzo hadi mwisho wa kupakia. Kinachokusanywa kinatikiswa, kinamiminwa kwenye chupa zisizopungua mililita 400, zinapigwa lakiri, muuzaji anatia sahihi na afisa wetu anatia sahihi. Chupa inakaa melini miezi 12 kwa uchache, risiti ya mafuta miaka 3. Mkaguzi wa bandari yoyote akipanda anaweza kuidai. Nimewahi kukesha kulinda kile kidondoshi, kwa sababu mtu akikifunga hata nusu saa, ile chupa haina tena ukweli wote. Kijana unayeanza kazi ya injini leo, ukipewa zamu hiyo usione umepewa kazi ya mtoto.

Mitambo ya kuosha moshi, ile tunayoiita skraba, sikubaliani nayo. Meli inaruhusiwa kuendelea na hevi yenye salfa nyingi mradi moshi uoshwe kwa maji ya bahari kabla haujatoka. Vizuri, hewa imepona. Lakini yale maji, yakiwa na tindikali, masizi na metali ndani yake, kwenye mitambo mingi yanamwagwa baharini palepale. Singapore na Fujairah ya Falme za Kiarabu walikataza yasimwagwe kwenye bandari zao, na nawaunga mkono. Wavuvi wetu wana haki ya maji safi kama mama alivyo na haki ya hewa safi.

Ninachokililia mimi ni gati. Katika bandari za Umoja wa Ulaya, tangu 2010, meli ikifunga zaidi ya saa mbili lazima ichome mafuta ya 0.1. Kilindini kiwango ni kile cha dunia, 0.5. Jamani, dizeli ya matatu na malori hapa Kenya iliwekewa mwaka 2015 kikomo cha salfa sehemu 50 kwa milioni. Asilimia 0.5 ni sehemu 5,000. Yaani lori linalongojea kontena nje ya geti limewekewa masharti makali mara 100 kuliko meli iliyolileta kontena hilo, na meli hiyo inakaa hapo siku kadhaa, jenereta haizimwi, kwa sababu makontena ya baridi, taa na pampu vyote vinataka umeme. Dizeli safi tayari imo tangini. Kugeuza valvu kabla ya kupokea rubani wa bandari tunajua, tumekufanya miaka na miaka kwa ajili ya wengine.

Tangu 1 Mei 2025 Mediterania nayo imekuwa eneo la 0.1. Meli ikija kwetu kwa njia ya Suez, mahali pa kwanza pa kurudisha mafuta machafu sasa ni Port Said, mlango wa kaskazini wa mfereji huo. Mstari unasogea. Serikali zilizopakana na Mediterania ziliketi pamoja zikauomba, na sioni kwa nini Kenya, Tanzania, Msumbiji na Somalia zisiketi. Najua mikutano ya IMO huko London ni mirefu. Oktoba 2025 mpango wa kuzitoza meli kwa hewa ya ukaa uliahirishwa mwaka mzima, kura 57 kwa 49, na siku ile nilikosa hamu ya kula. Ila salfa haikungojea mpango huo, wala gati halihitaji kuungojea.

Juzi kaskazi imeanza. Nilikuwa kwa mama, karai la nguo limejaa, akatoka uani akakinga macho kwa kiganja. Meli mbili gatini, moshi wa kijivu, mwepesi kuliko ule wa zamani, yeye mwenyewe alisema hivyo. Akaanika leso nyekundu na za buluu. Shuka nyeupe akazirudisha ndani.