Siku moja maishani mwangu: pikipiki iliyokataa kuwaka

Anayepita mbele ya karakana yangu hapa Kisumu Ndogo, Malindi, mara nyingi hunikuta nimechutama kando ya pikipiki, sigusi kitu. Wengine hudhani napumzika. Wakati huo ndio nafanya sehemu ngumu kuliko zote, natafuta ugonjwa. Kufungua plagi na kufunga nyingine hata kijana ninayemfundisha anaweza. Kujua kwa nini chombo hakiwaki ndiko kunakokula akili na mgongo. Naandika siku yangu ya Jumatano ili watu wajue hela yao inalipia nini.

Saa moja kasorobo asubuhi nimeshafungua, nimenyunyiza maji kutuliza vumbi, spana ziko mezani. Mahamri na mbaazi nakula nimesimama, maana watu wa bodaboda huja mapema kabla abiria hawajaanza kutoka.

Saa moja mpaka saa tatu ni oili, breki, pancha na kukaza minyororo. Pikipiki moja ya kubeba samaki kutoka Mayungu imekuja na mnyororo uliokakamaa kwa kutu. Maji ya samaki hudondoka kutoka kwenye kreti, na chumvi ile haibagui: inakula mnyororo, inakula spoku, inaingia mpaka kwenye viungio vya nyaya. Nimemwambia mwenyewe aioshe kwa maji ya bomba kila jioni na kuupaka mnyororo oili. Ameitikia. Tutaona.

Saa tatu na nusu tuktuk ya mizigo imesimama mlangoni. Ndani kuna pikipiki imefungwa kwa kamba, kijana anayeiendesha, na mwenye chombo, mzee mmoja wa Mambrui.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hii ni kabureta. Safisha kabureta, kijana arudi kazini. Siku ya tatu leo sijaona hesabu."

Nikamgeukia kijana. "Ilianza vipi, ndugu yangu? Ilizimika ukienda au ilikataa asubuhi?"

Mzee akajibu yeye. "Ilikataa tu. Nimenunua betri mpya, plagi mpya, na ile sidiai, kile kiboksi cha kupeleka moto kwenye plagi, nimebadilisha. Imebaki kabureta."

Nikamuuliza kijana tena, mzee akajibu tena. Hapo nikajua siku itakuwa ndefu. Anayekaa juu ya chombo kutwa nzima ndiye anayekijua kikohozi chake, na huyu alikuwa amesimama kando, anatazama viatu.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: mafuta, mgandamizo, na moto wa plagi kwa wakati wake. Naanza na vilivyo rahisi. Tapu ya mafuta iko wazi. Swichi ya kuzimia iko mahali pake. Ukipiga stata, injini inazunguka kwa nguvu. Nafungua plagi, imelowa petroli. Basi mafuta yanafika, ila hayaungui. Kabureta, inayochanganya mafuta na hewa, tayari nimeshaiweka mwisho wa foleni, na mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki ananiambia nisafishe kabureta.

Nikairudisha plagi kwenye kofia yake, nikaegemeza chuma chake kwenye injini, mbali na tundu la silinda kwa sababu ya mvuke wa petroli, nikamwambia kijana wangu apige kiki. Hakuna moto. Nikaweka plagi yangu ninayoiamini, hakuna. Tukaisogeza pikipiki kivulini ili tuone vizuri, akapiga kiki tena, cheche ya buluu ikaruka, nzuri kabisa! Mzee akasimama. "Si imepona? Funga twende." Nikaiegemeza kwenye stendi ya pembeni nifunge plagi, nikajaribu mara ya mwisho. Moto hakuna.

Mafundi wengi huchoka hapo, wakaanza kununua vipuri kwa hela ya mteja. Moto unaokuja na kuondoka haumaanishi kipuri kimekufa. Kilichokufa hakifufuki kwa kusogezwa kivulini.

Sasa jua limekuwa kali, mabati yanatoa joto, na simu ya mzee haiishi kulia. Kila akimaliza kuzungumza ananiuliza bado nini. Wateja wawili wa oili wameondoka kwa kuona nimeshikwa. Adhana ya adhuhuri ikatoka, mzee akaenda kuswali msikitini, nami nikapata nafasi ya kumvutia kijana kiti.

"Niambie wewe."

Akaniambia polepole. Usiku hufunga hendeli kwa ufunguo. Asubuhi mara nyingi haiwaki, lakini akiisukuma hatua chache kwenda barabarani inawaka. Juzi ilimzimikia kwenye kona ya kushoto akiwa na abiria. Alitaka kusema tangu siku ya kwanza, hakuna aliyemuuliza.

Hendeli ya pikipiki hiyo hufungwa ikiwa imekatwa kushoto. Ukiiegemeza kwenye stendi ya pembeni, inalalia kushoto pia. Tulipoisogeza kivulini, hendeli ilikuwa imenyooka.

Pikipiki ya aina hii, moto wa plagi hautegemei betri, unatoka kwenye koili iliyo ndani ya injini. Ukizima ufunguo, waya mmoja mweusi wenye mstari mweupe unaunganishwa na bodi, na sidiai inanyamaza. Kwa hiyo waya huo ukigusa chuma popote njiani, injini inaona umezima ufunguo. Nikauchomoa waya huo kwenye sidiai, moto ukaja kila kiki, hendeli ikielekea kokote. Nikaurudisha na kukata hendeli kushoto, moto ukaondoka. Nikauchomoa tena, nikaweka kipima umeme kati ya waya na bodi. Hendeli kulia, kimya. Kushoto, kinalia.

Tukatoa tangi. Nyuma ya shingo ya pikipiki fungu la nyaya lilikuwa limetolewa kwenye kibanio chake ili kupitisha nyaya za taa za mapambo, na halikurudishwa. Kila hendeli ikikata kushoto lilikuwa linasagwa kwenye ukingo wa fremu. Nikafungua tepu kuukuu. Ganda la waya ule lilikuwa limeliwa pahali padogo kama punje ya mchele, shaba inang'aa katikati, na pembeni yake imeshaota kijani cha chumvi. Kwenye fremu, mkabala na pale, rangi imechubuka mpaka chuma cheupe. Nikamwita kijana wangu akainama akatazama kwa muda, bila kusema neno. Kwa kitu kama hicho naipenda kazi hii, mgongo ukiuma namna gani.

Nikakata sehemu iliyooza, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikavika mpira na tepu, fungu likarudi kwenye kibanio. Kiki moja, ikawaka. Nikakata hendeli kushoto mpaka mwisho, ikaendelea kuunguruma.

Mzee aliporudi nikamwambia shilingi mia nane.

"Mia nane ya tepu? Hujaweka hata kipuri kimoja!"

Tulibishana, nami sikupandisha sauti, ni mtu wa umri wa baba yangu. Nikamuonyesha kile kipande cha waya. Nikamuuliza betri, plagi na sidiai alilipa ngapi, na ni kipi kati ya hivyo kilichoiwasha. Akatoa mia tano, akasema nyingine atatuma. Kijana alinishika mkono kwa mikono miwili kabla ya kuondoka.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kulikuwa na klachi, kulikuwa na pancha mbili, chakula cha mchana nilikula jua likishuka, kikiwa baridi. Mia tatu iliingia kwenye simu karibu na magharibi, bila ujumbe.

Jioni hiyo nilimpa kijana wangu ubao na rangi nyekundu aandike: KUPIMA NI SHILINGI 300, KIPURI KIWEPO KISIWEPO. Alhamisi asubuhi tukaugongomelea mlangoni, na wa kwanza kuusoma akalipa.