Imperfecto de subjuntivo ya Kihispania: anzia kwa "ellos"

Katika kuunda umbo hili la kitenzi, linalobeba matakwa ya wakati uliopita na mambo ya kudhania tu, ushauri ulioniudhi kuliko wote ni ule wa kuanzia kwenye infinitivo, yaani kitenzi kisicho na nafsi wala wakati: chukua hablar (kuzungumza), ongeza a, umepata hablara. Kwa hablar ni kweli, na ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini jaribu kwa tener (kuwa na), utapata "tenera". Jaribu kwa decir (kusema), utapata "decira". Hapo ndipo unapoambiwa kwamba hivyo ni vitenzi vikorofi, kariri majedwali. Mimi sikukariri jedwali hata moja, na leo naliandika umbo hili bila kusita, kwa sababu halina kitenzi hata kimoja kinachovunja kanuni. Shida ni mahali pa kuanzia tu.

Anzia kwenye pretérito, wakati uliopita wa jambo lililokwisha, umbo la ellos (wao). Ng'oa -ron, bandika -ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran. Hablaron inazaa hablara, comieron inazaa comiera, tuvieron inazaa tuviera. Ukorofi wote umeshakaa ndani ya pretérito, wewe unaubeba ulivyo. Durmieron ina u, kwa hiyo durmiera. Pidieron ina i, kwa hiyo pidiera. Leyeron ina y, kwa hiyo leyera. Dijeron na trajeron hazina i baada ya j, basi ni dijera na trajera. Ukiandika "dijiera" ujue pretérito yako ndiyo mbovu, rudi huko ukaitengeneze. Fueron ni ya ser (kuwa) na ya ir (kwenda), na fuera vilevile; sentensi ndiyo itakayoamua.

Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa kwenye safu moja ya daftari la bei ya chini: tuvieron, estuvieron, anduvieron, pudieron, pusieron, supieron, quisieron, hicieron, vinieron, dijeron, trajeron, condujeron, dieron, fueron. Zisome kwa sauti mpaka ulimi uzoee, kisha pitia safu ileile ukibadilisha -ron kuwa -ra. Hakuna haja ya kulipia programu yoyote.

Matamshi yanatubeba sisi Waswahili, kwani mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho ndio unaotakiwa katika hablara na comiera. Ukiusogeza mwisho umesema hablará, yaani atazungumza. Penye mtego ni nosotros (sisi): mkazo unarudi nyuma silabi moja na alama yake huandikwa, habláramos, comiéramos, fuéramos.

Kuunda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua wakati wa kulitumia, na hapa Kiswahili kinasaidia mahali pamoja, kinatupotosha mahali pengine.

Kinatupotosha hapa: nataka aje, nilitaka aje. "Aje" haijali wakati. Kihispania kinajali: quiero que venga, lakini quería que viniera. Kitenzi cha kwanza kikiwa quería, pedí, esperaba, era necesario au no creía, cha pili kinavutwa nacho nyuma. Le pedí que me trajera el libro. Esperaba que llegaran temprano. Huko Andes, Peru kwa mfano, utawasikia wazawa wakisema quería que venga. Kwenye mtihani andika viniera. Na kama anayetaka na anayekuja ni yuleyule, usiweke que: quería venir, kama vile nilitaka kuja.

Kinaposaidia ni kwenye -ki- na -nge-. Nikipata pesa nitanunua: si tengo dinero, compraré, bila subjuntivo. Ningepata pesa ningenunua: si tuviera dinero, compraría. Sisi tunatia -nge- pande zote mbili, na hilo ndilo linalowafanya wanafunzi wengi waandike "si tendría dinero, compraría". Njia yangu ya kupima ni kutafuta upande unaokubali "kama" mbele yake. "Kama ningepata pesa" inakaa, kwa hiyo huko ndiko iliko si, na huko ndiko inakokwenda tuviera. Upande wa pili unapewa condicional, umbo kama compraría. Penye -ngali-, ongeza hubiera na participio, umbo kama sabido au venido: si hubiera sabido, habría venido (ningalijua, ningalikuja). Hapa hata hubiera venido inakubalika upande wa pili.

Como si (kana kwamba) haina mjadala. Gasta como si tuviera millones: anatumia pesa kana kwamba ana mamilioni. Matumizi ni ya leo, kitenzi ni cha wakati uliopita, na como si tiene ni kosa. Ojalá, neno la kuombea jambo litokee, inakupa kuchagua: ojalá venga ukiwa na tumaini, ojalá viniera ukiona ni vigumu.

Utakutana pia na hablase, tuviese, fuese. Zinaundwa vilevile, -ron inatoka na -se inaingia, na baada ya que au si maana haibadiliki. Zitambue unaposoma, lakini andika -ra, ambayo Amerika ya Kilatini ndiyo imetawala kabisa katika mazungumzo. Ukiagiza kwa adabu dukani au hotelini ni quisiera (ningependa): quisiera un café, por favor. Hapo usiweke quisiese.