Nilivyoifungua programu ya mapishi ya futari ya Kiurdu kwenye kompyuta

Programu nyingi za mapishi ya Ramadhani zilizoandikwa kwa Kiurdu zimetengenezwa kwa ajili ya simu za Android tu. Toleo la Windows halipo. Natangulia kulisema hili kwa sababu ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "tafuta toleo la kompyuta", na ndio ulioniharibia siku nzima. Ukitafuta kwa maneno hayo utaletewa kurasa zenye kitufe kikubwa cha kupakua, na jina la programu yako limeandikwa juu yake. Faili linashuka, linaishia na .exe, unalibofya, na ndani hamna pishi hata moja. Kilichomo ni emuleta tu, yaani programu inayoiga simu ya Android, imefungashwa pamoja na vikorokoro vinavyokubadilishia ukurasa wa mwanzo wa kivinjari na kukujazia matangazo. Niliondoa kila kilichoingia siku hiyo, nikakagua mashine nzima dhidi ya virusi, ndipo nikaanza upya.

Njia iliyonyooka ni kuchukua emuleta kwenye tovuti ya walioitengeneza wenyewe, mfano BlueStacks au LDPlayer, kuingia Play Store iliyo ndani yake, na kusakinisha programu ya mapishi kama ungefanya kwenye simu. Wapo wanaoshauri bado mfumo wa Android uliokuwa ndani ya Windows 11. Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 5 Machi 2025, usijisumbue nao.

Mara ya kwanza emuleta ilifunguka, ikaonyesha mstari wa kupakia, ikaganda hapo. Tatizo halikuwa intaneti. Emuleta inaendesha Android nzima ndani ya Windows, kwa hiyo inamtaka prosesa agawe nguvu zake mara mbili, na kwenye mashine nyingi uwezo huo umezimwa tangu kiwandani. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya Performance, chagua CPU, halafu soma chini ya mchoro palipoandikwa Virtualization. Ukikuta Disabled, jibu umelipata. Washa upya kompyuta huku ukigongagonga F2, Del, F10 au Esc, kutegemea mtengenezaji, hadi uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows. Kwa prosesa za Intel tafuta Intel Virtualization Technology au VT-x, kwa AMD ni SVM Mode. Weka Enabled, hifadhi, toka. Kwangu emuleta iliwaka mara moja baada ya hapo.

Kwenye mipangilio yake niliipa koa (core, yaani viini vya prosesa) 2 na RAM ya GB 2, basi. Mapishi si mchezo wa magari, hayahitaji zaidi. Mashine yenye GB 8 haitahema. Yenye GB 4 itafanya kazi, ila utahitaji kivinjari wazi pembeni kwa ajili ya kutafsiri, na vyote viwili vitagombea nafasi. Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni DPI, kipimo kinachoamua maandishi yawe makubwa kiasi gani kwenye skrini. Nilichagua skrini iliyosimama kama simu, na DPI nikaipandisha hadi 320. Kiurdu huandikwa kwa mwandiko wa Nastaliki, unaoteremka kwa mshazari kutoka kulia, na herufi nyingi zinatofautishwa kwa nukta peke yake. Herufi ikiwa ndogo, nukta tatu za پ zinaungana na kuonekana kama nukta moja ya ب, na hapo unasoma neno jingine kabisa.

Aliyesoma herufi za Kiarabu chuoni ana nusu ya kazi mkononi. Zinazoongezeka ni پ (p), چ (ch), گ (g), ژ, kisha ٹ ڈ ڑ zenye ط ndogo juu, ambazo ulimi hukunjwa nyuma kuzitamka, na ں ya puani. Mwisho wa neno utakutana sana na ے, ambayo ni "e" ndefu. Irabu fupi haziandikwi.

Na hapa ndipo niliposhindwa vibaya. Kwa kuwa nilikuwa na kibodi ya Kiarabu tayari, niliitumia kutafuta. Nikaandika كباب kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna kilichopatikana. Nikarudia, nikahakikisha herufi moja moja, hakuna. Nikaandika سحري, yaani daku, hakuna. Wakati huohuo, nikiteremka kwenye orodha kwa kipanya, naviona vyakula vya kabab vimejipanga, na sehemu nzima ya daku ipo. Nilifuta programu na kuisakinisha tena mara mbili nikidhani faili limeharibika.

Kumbe kwa macho ni herufi moja, kwa kompyuta ni mbili. Kaf ya Kiarabu ك ina namba ya Unicode (namba ambayo kompyuta huitambulia kila herufi) U+0643, na kaf ya Kiurdu ک ni U+06A9. Ye ya Kiarabu ي ni U+064A, ya Kiurdu ی ni U+06CC. He nayo ه ni U+0647, wakati Kiurdu kina ہ (U+06C1) kwa "h" ya kawaida, na ھ (U+06BE) ya kupulizia pumzi kwenye sauti kama "kh" ya khajoor (tende), au "bh" na "dh". Programu inalinganisha namba, haiangalii umbo. Nilipoongeza Kiurdu kwenye orodha ya lugha za Windows na kuchagua kibodi yake, nikaandika کباب, matokeo yakamwagika. Kwa hiyo anayekwambia "Kiarabu na Kiurdu kibodi ni ileile" hajawahi kutafuta chochote kwa Kiurdu. Kama emuleta haipokei kibodi ya Windows, andika neno kwenye Notepad, nakili, halafu libandike ndani kwa Ctrl+V.

Kutafsiri ndiko nilikokuja kufurahia. Maandishi ya mapishi mara nyingi hayakubali kuchaguliwa kwa kipanya. Nilianza kwa kupiga picha ya skrini kwa Windows+Shift+S na kuipeleka kwenye kitambua maandishi, lakini Nastaliki hukichanganya: maneno yanapandana, nukta zinahamia kwa jirani, vipimo vinapotea. Kisha nikabonyeza kitufe cha kushiriki, kile cha kumtumia mtu pishi, nikachagua barua pepe na kujitumia mwenyewe. Pishi zima likafika kama maandishi safi, herufi kwa herufi. Tangu hapo sijapiga picha tena. Bandika kwenye Google Tafsiri, na tafsiri nzuri itokee au isitokee, yasome maneno ya Kiurdu kwa sauti. Maneno mengi utayatambua mwenyewe: chai, chapati, biryani, pulao, samosa, achar, na elaichi ambayo ni iliki yetu.

Tafsiri ya mashine usiiamini kwenye viungo. میٹھا سوڈا (meetha soda) neno kwa neno ni "soda tamu", lakini ni baking soda, magadi yale ya kupikia. کلونجی (kalonji) huweza kutafsiriwa "mbegu za kitunguu", nayo ni habasoda. ہرا دھنیا (hara dhania) ni majani mabichi ya giligilani, ثابت دھنیا (sabut dhania) ni mbegu zake nzima. Ukikuta دھنیا peke yake, angalia kipimo: kikiwa kwa vijiko ni mbegu au unga, kikiwa kwa fungu ni majani. زیرہ (zeera) ni bizari nyembamba. املی (imli) ni ukwaju.

Vipimo vya vijiko vinatamkika kama vyetu: چائے کا چمچ (chai ka chamach) ni kijiko cha chai, mililita 5, na کھانے کا چمچ (khane ka chamach) ni kijiko cha kulia, mililita 15. Pyali ni kikombe. Chagua kimoja na ukitumie kwa pishi zima, usichanganye. Pao, پاؤ, ni robo kilo, gramu 250, kwa hiyo nusu pao ni gramu 125. Halafu zipo namba zenye majina yake: derh ni moja na nusu, dhai ni mbili na nusu. Neno "sawa" mbele ya namba huongeza robo, saarhe huongeza nusu, na paune hupunguza robo, yaani "paune do" ni moja na robo tatu, ingawa neno "do" ni mbili. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu unga wa watu. حسب ذائقہ ni "kwa kuonja", huandikwa kwenye chumvi.

Tarakimu nazo: ۴ ۵ ۶ za Kiurdu hazifanani na za Kiarabu cha msahafuni. Tena mwelekeo wa kulia kwenda kushoto hubadilisha mpangilio. Ukiona 1/2 1, soma kuanzia kulia: ni moja na nusu. Ukiona 3-2, mwandishi aliandika 2-3.

Pishi la kwanza nililolitoa lote bila kubahatisha ni pakore, bajia za futari. Unga wa dengu (besan) vikombe 2, vitunguu maji 2 na kiazi 1 vilivyokatwa vyembamba, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, mbegu za giligilani zilizotwangwa kijiko 1 cha kulia, pilipili nyekundu kijiko 1 cha chai, meetha soda robo kijiko cha chai, na chumvi. Soda ikizidi bajia zinanyonya mafuta na kuacha ladha ya sabuni. Changanya vitunguu na unga na chumvi kwanza, uache dakika 10, kwa sababu chumvi huvuta maji ya kitunguu. Ukitia maji mapema rojo litakuwa jepesi na bajia zitasambaa. Baadaye ongeza maji kidogo kidogo hadi rojo lishike mgongo wa kijiko. Tone likizama kisha likapanda juu na mapovu, mafuta yako tayari.

Programu hizi huwa na saa za daku na futari pia. Kwenye kompyuta usizifuate. Emuleta haina GPS ya kweli, na mahali ilipo hupangwa kwa mkono, kwa hiyo huenda unasoma saa za Karachi, ambayo iko saa 2 mbele ya Afrika Mashariki. Tena kalenda za Pakistan hutoa nyakati mbili za kufuturu, za Hanafi (Sunni) na za Jafari (Shia), na ya Jafari huchelewa kwa dakika kadhaa. Fuata adhana ya ulipo.

Nilipotaka kuchapisha kurasa za kubandika jikoni, nilizipeleka Word, nikachagua mwelekeo wa kulia kwenda kushoto na fonti ya Urdu Typesetting, ambayo huja na lugha ya Kiurdu kwenye Windows. Karatasi ya kwanza ilitoka vichwa vya herufi vimekatwa, kwa kuwa nafasi ya mistari ilikuwa imefungwa kwa kipimo maalumu na Nastaliki ni ndefu kwenda juu. Niliiweka 1.5, maandishi pointi 20, na tafsiri ya Kiswahili safu ya kushoto, mstari kwa mstari na Kiurdu chake.