Jumatatu ya Kwanza Upanga

Tulihama Mbagala mwaka 2018, kipindi kile wizara zinahamia Dodoma. Mfanyakazi mmoja wa serikali anayefahamiana na mume wangu alikuwa anaiacha fleti yake Upanga, mjini kati Dar, ghorofa ya tatu, na hakutaka kodi aliyokwisha kulipa ipotee bure. Ndivyo tulivyoipata, bila dalali, maana yake bila kumpa mtu kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kutufungulia mlango. Kuhama kwenyewe hakukuwa na hadithi. Kirikuu ilibeba, kabati likagoma kupita kwenye ngazi likafunguliwa vipande vipande, na Jumapili usiku tukalala katikati ya mabegi na masufuria. Ninachotaka kusimulia ni Jumatatu yake.

Niliamka saa kumi alfajiri. Hakuna aliyeniamsha, ni mwili tu umezoea. Kule Mbagala, kwetu Kizuiani, saa kumi na nusu inanikuta nimeshaoga, kwa sababu bafu lilikuwa moja kwa nyumba nzima na ukichelewa unapangiwa foleni nyuma ya wanafunzi. Halafu inaanza kazi ya kugeuza. Kwa asiyeijua Mbagala ya wakati ule: daladala likitoka Rangi Tatu kwenda mjini, likifika Kizuiani limeshajaa hadi konda ananing'inia. Basi unapanda linaloelekea Rangi Tatu, unageuza nalo, unalipa nauli mara mbili, na bado wakati wa kugeuza kuna vijana wanaingia kwa dirishani wanakaa kabla abiria hajashuka. Baada ya hapo ni Barabara ya Kilwa na malori ya bandarini: Mtongani, kwa Azizi Ali, Uhasibu, Bendera Tatu, mguu mmoja umesimama na mwingine unatafuta pa kukanyaga. Viatu vya ofisini nilivibeba kwenye mkoba, safari naifanya kwa ndala. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulikuwa umeanza tangu 2016, lakini ule ulikuwa wa watu wa Kimara. Sisi tuliuona ukipita tukishafika Kariakoo.

Sasa nipo Upanga, saa kumi, na sina pa kukimbilia. Nilijaribu kurudi kulala nikashindwa. Nikaingia bafuni. Bafu liko ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani. Sikufunga kanga, sikubeba ndoo, sikuchungulia nje kwanza kama baba mwenye nyumba yuko uwanjani anapiga mswaki. Nikafungua bomba, maji yakatoka juu, ya baridi, nikasimama chini yake muda ambao Kizuiani ungenigombanisha na nyumba nzima. Nilioga hadi vidole vikajikunja. Nikapika chai, nikaenda kuinywea kibarazani. Msikiti mmoja ulimaliza adhana, mwingine ukapokea. Upepo wa bahari ulikuwa unaingia, upepo wa kweli, si ule wa feni unaozungusha joto lile lile. Kulipokucha wakaja kunguru, wakakaa kwenye waya wa nguo wakinikagua. Kunguru wa Dar hawana adabu, na wa Upanga ndio kabisa. Niliacha kipande cha mkate kwenye sahani na sikukikuta.

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Alitoka chumbani anafikicha macho, akanikuta nimekaa, akasimama pale mlangoni akinitazama.

"Mama, leo tena Jumapili?"

Siku za kazi hakuwa amezoea kuniona. Nilikuwa naondoka amelala na narudi amelala, na aliyekuwa akimnywesha uji ni dada wa kazi. Nikamwambia ni Jumatatu. Hakuniamini. Nikamnywesha uji, nusu kikombe kikaingia kwenye fulana yake, nikambadilisha, na bado hata saa moja haijafika.

Watu walioniona mjinga kuhamia mjini walikuwa wanahesabu kodi tu, na ni kweli kodi ilipanda. Hakuna aliyehesabu uji.

Kazini nilikwenda kwa miguu, na viatu vyangu vya ofisini mguuni. Nilishika Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nikapita Maktaba Kuu, nikateremka mpaka Sanamu ya Askari, nimenyooka, gauni halina mkunjo hata mmoja. Mlinzi wetu ndiyo kwanza anafungua geti.

"Dada, jana ulilala humu?"

Jioni, ngazini, nikakutana na mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, anapanda taratibu ameshika ukuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia maji yakikatika nimpigie kelele mlinzi awashe pampu, nisisubiri kuambiwa. Akaingia kwake, akafunga mlango wa mbao, kisha wa chuma. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Watu husema ghorofani hakuna ujirani. Mimi ujirani nilikuwa nao wa kunitosha miaka mingi.

Hapo nafikiria zaidi LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nyumba ya Mbagala ilikuwa na mita moja, wapangaji vyumba vyote. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alikuwa anauziwa uniti kwa Sh100 kabla ya kodi na tozo; ukiwa kundi la kawaida ni Sh292. Familia zote zile kwenye mita moja, tungebakije chini ya 75? Kwa hiyo tulilipa bei ya juu, halafu tukagombana namna ya kugawana. Kwa vyumba au kwa vichwa? Anayepiga pasi kila asubuhi je? Na kulikuwa na mama mmoja mwenye friji anauza barafu za ukwaju na ubuyu, friji halizimwi usiku wala mchana, naye anachangia sawa na mimi mwenye taa na redio.

Usiku ule nilinunua umeme wangu, nikasimama mbele ya mita yangu na kuingiza namba zote ishirini mwenyewe, mume wangu ananisomea. Uniti zikapanda. Tukabaki tunaziangalia. Aliyetuachia nyumba alikuwa ametuonya kwamba mita iko bei ya chini, tusithubutu kuizidisha, na mume wangu akaanza palepale kuzima taa ya jikoni.

Simu ikaita. Alikuwa mama wa barafu.

"Mmefika salama? Haya, hongereni. Sasa, LUKU imekata huku, na ninyi mchango wa mwezi ulioisha hamjatoa."

Alikuwa sahihi. Nikamtumia, na ya kutolea.