Maili Tisa Zisizohesabiwa Kabla ya Springer Mountain

Kwa muda wa miezi minne sasa, kila jambo la safari yangu ya kuitembea Appalachian Trail huko Marekani limekwisha amuliwa isipokuwa maili tisa za kwanza, na maili hizo, kwa hesabu rasmi, hazimo katika safari yenyewe. Likizo isiyo na malipo nimeipata, wodi ya usiku ninayoihudumia imepata mtu wa kushika nafasi yangu, hema nimelilaza nje mara tano kwenye baridi, na chakula cha wiki ya kwanza kimefungwa. Kilichobaki ni kuamua kama asubuhi ya siku ya kwanza nitashukia chini ya maporomoko ya Amicalola au nitapelekwa kwa gari hadi karibu na kilele cha Springer Mountain.

Appalachian Trail ni njia ya miguu inayoanzia kilele cha Springer Mountain, kaskazini mwa jimbo la Georgia, na kuishia kilele cha Katahdin huko Maine, baada ya kupita katika majimbo 14 na kukata zaidi ya maili 2,190, yaani kilomita 3,500 na ushei. Springer haufikiki kwa gari. Njia mbili ndizo zinazotumiwa na wengi. Ya kwanza ni njia ya kuingilia, ambayo Wamarekani wameipa jina la Approach Trail: inaanzia kwenye tao la mawe nyuma ya ofisi ya wageni ya hifadhi ya Amicalola Falls na kupanda kwa takriban maili 8.8, sawa na kilomita 14. Ya pili ni kupanda gari katika barabara ya msitu namba 42, ambayo haina lami, hadi maegesho yaliyo karibu maili moja kutoka kileleni. Anayeshukia hapo hutembea kwanza kuelekea kusini mpaka kileleni, hugeuka, kisha hurudi kwa nyayo zake mwenyewe na kupita tena pale alipoliacha gari.

Appalachian Trail ina alama nyeupe zilizopakwa kwenye mashina ya miti, lakini njia ya kuingilia ina alama za buluu, rangi ileile inayotumika kwa vijia vya kwendea kisimani au kwenye kibanda cha kulala. Ndiyo maana wapo wasemao kwamba kuipanda ni kujichosha bure, na wapo pia wasemao kwamba asiyeipanda hakuanza safari ipasavyo. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa makini, kwa kuwa nina umri wa miaka 51 na goti langu la kulia lilifanyiwa upasuaji miaka sita iliyopita. Sina nguvu za kutumia kwa ajili ya kusifiwa, lakini pia sitaki kuacha kitu kizuri kwa sababu tu ya rangi ya alama zake.

Hoja ya kwamba maili hizo hazihesabiwi nilianza kuitilia shaka niliposoma historia ya njia yenyewe. Benton MacKaye alitoa wazo la Appalachian Trail mwaka 1921, na njia ikakamilika kuunganishwa mwaka 1937, lakini wakati huo mwisho wake wa kusini haukuwa Springer. Ulikuwa Mount Oglethorpe, mlima ulio kusini zaidi, na huko ndiko Earl Shaffer alikoanzia mwaka 1948 alipoitembea njia yote kwa msimu mmoja, mtu wa kwanza kuripoti kwamba amefanya hivyo. Kadiri maendeleo ya watu yalivyozidi kuisogelea Oglethorpe, mwanzo ukahamishiwa Springer mwaka 1958. Kwa hiyo sehemu ya ardhi hii ambayo leo ina alama za buluu iliwahi kuwa Appalachian Trail yenyewe, na kilichobadilika ni uamuzi wa watu kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu. Tangu nilipolifahamu hilo, neno "hazihesabiwi" halina uzito mkubwa kwangu, si kwa kutetea kupanda wala kwa kutetea kutopanda.

Kinachonihusu zaidi ni ngazi. Maporomoko ya Amicalola yana urefu wa futi 729, karibu mita 222, na kando yake zimejengwa ngazi 604 zinazompandisha mtu kutoka chini hadi juu. Mtu anayebeba nyumba yake mgongoni huzikuta ngazi hizo karibu mwanzoni kabisa, kabla misuli haijapata joto. Mwezi wa Novemba nilikwenda kuzijaribu nikiwa na shanta lenye uzito wa kilo 13, uzito uleule ninaotarajia kuubeba mwezi wa Machi. Nilipanda taratibu, nikasimama kwenye daraja lililo mbele ya maporomoko ambapo maji yanakurushia manyunyu usoni, nikapumua, nikaendelea. Nilifika juu nikiwa nimelowa jasho lakini goti likiwa kimya kabisa. Nilifurahi mno, na katika furaha hiyo nikafanya kosa la kushuka kwa ngazi zilezile. Kabla sijafika nusu maumivu yalianza upande wa ndani wa goti, na usiku huo lilivimba kiasi cha kunilazimisha kuliwekea barafu kwa siku mbili.

Nilichojifunza siku ile ndicho kilichonifungua macho. Kupanda kunatumia mapaja na pumzi. Kushuka ndiko kunakoligonga goti, hasa kwa mtu aliyebeba mzigo. Anayekwenda Springer kutoka Amicalola hupanda ngazi hizo na hazishuki kamwe. Nilikuwa nimeiogopa sehemu ambayo kwa mwili wangu si ya hatari, na nilikuwa sijaiwazia kabisa miteremko midogo midogo inayofuata baadaye, kama ule wa kushukia pengo la Nimblewill baada ya Frosty Mountain. Zaidi ya hayo, anayetaka kuziepuka ngazi anaweza kupita kijia cha East Ridge, ambacho pia kinaanzia karibu na ofisi ya wageni, au akaanzia kwenye maegesho yaliyo juu ya maporomoko, akabakiwa na maili saba na kitu hadi kileleni. Ngazi, basi, si sababu ya kuiacha njia nzima.

Mdogo wangu ni mwongoza watalii huko kwetu Marangu, na kwa miaka mingi amekuwa akiwapandisha wageni Kilimanjaro. Nilimpigia simu nikiwa nimebanwa na mawazo haya. Aliniamkia, akaniacha nieleze yote bila kunikatiza, kisha akauliza ni nani atakayebeba mizigo. Nilipomwambia kwamba huku hakuna wapagazi, kila mtu hujibebea, alinyamaza kidogo.

"Dada, wewe unaniuliza kama hiyo njia inahesabiwa," akasema. "Mimi ninakuuliza, siku ya tatu utakuwa na hali gani?"

Akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni bila kulizingatia. Wageni wengi anaolazimika kuwateremsha huwa hawakushindwa siku ya kilele. Walishindwa siku ya kwanza, kati ya geti na Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, walipokuwa na nguvu na wakakataa kwenda pole pole. Njia ya siku ile ya kwanza ni nzuri, kivuli kinapendeza, na mtu hudhani kwamba kwa kuwahi kufika anajiwekea akiba, kumbe anaitumia. Babu zetu walipowaona Hans Meyer, Mjerumani aliyekwenda kuupanda Kilimanjaro, na msafara wake mwaka 1889, wageni hao walikuwa wamekwisha tembea kutoka pwani kabla hata ya kuanza kuupanda mlima wenyewe. Safari ile ya bara ilikuwa ndefu kuliko mlima, na hakuna aliyeibagua kwa kusema kuwa si sehemu ya safari.

Baada ya mazungumzo hayo nilichukua karatasi na kuziandika siku tatu za kwanza kwa kila njia, na hesabu ikanishangaza. Anayeanzia barabara ya 42 hutembea maili moja kwenda kileleni, kisha wengi wao huendelea hadi kibanda cha Hawk Mountain, kilicho maili 8.1 kaskazini mwa kilele. Jumla ni karibu maili tisa kwa siku ya kwanza, sawasawa na urefu wa njia ya kuingilia anayodhani ameikwepa. Tofauti ni aina ya ardhi. Kutoka Springer kwenda kaskazini njia ni pole na mwanzoni inateremka, ilhali kutoka Amicalola tofauti ya kimo kati ya ofisi ya wageni na kilele, ambacho kina mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, inakaribia mita 600, bila kuhesabu kupanda na kushuka kwa katikati. Asiyepanda njia ya kuingilia hapunguziwi maili za siku ya kwanza, anapunguziwa mlima. Gharama ya kuipanda ni siku moja zaidi kabla ya kufika duka la Neel Gap, ambalo liko maili 31 kutoka kileleni. Katika shanta langu siku hiyo ni kama gramu 800 za chakula.

Gharama hiyo ninaweza kuibeba. Nisichoweza kukibeba ni kukimbia. Wengi hupanda njia ya kuingilia kwa siku moja, wakilenga kulala kwenye kibanda cha Springer kilicho karibu kabisa na kilele, na mwezi wa Machi kibanda hicho hujaa watu, hivyo anayechelewa hutafuta mahali pa kusimika hema gizani. Mimi sitafanya hivyo. Kabla ya kilele, kwa umbali wa maili moja na nusu hivi, kuna kibanda kingine kinachoitwa Black Gap. Nikilala hapo, siku ya kwanza itakuwa na maili saba na kidogo, nitakuwa na saa nyingi za kupumzika kila baada ya mwinuko, na asubuhi ya pili nitafika kileleni nikiwa nimelala, nimekula, na mwanga ukiwa mzuri. Siku hiyo ya pili nitasimama kwenye kibanda cha Stover Creek, maili 2.8 tu mbele ya kilele, ingawa najua vijana watanipita wakielekea Hawk Mountain. Niliwahi pia kuifikiria nyumba ya wageni ya Len Foote, iliyomo ndani ya msitu na kufikiwa kwa miguu kutoka juu ya maporomoko, ambapo mtu hulala kitandani na kupewa chakula. Ni mahali pazuri, na kwa mwenye uwezo ni njia ya busara ya kuigawa siku ya kwanza, ila mimi nataka usiku wa kwanza niutumie kulijaribu hema nikiwa bado karibu na barabara za kurudia nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo watu hulichanganya na hili, nami ningependa kulitenganisha. Katika msimu wa wasafiri kuanza, ofisi ya wageni ya Amicalola huwaandikisha wanaokusudia kwenda mpaka Maine, huwapa kitambulisho cha kufunga kwenye shanta, na kuwaeleza jinsi ya kuhifadhi chakula ili dubu wasikifikie na jinsi ya kutoacha taka wala uharibifu porini. Ipo pia mizani ya kupimia mizigo. Maelezo hayo yanamfaa kila mtu, awe atapanda kutoka pale au atapelekwa barabara ya 42, na anayeamua kuiacha njia ya kuingilia asiiache na ofisi hiyo. Inakadiriwa kwamba katika kila watu wanne wanaoanza safari nzima ni mmoja tu anayeimaliza, na kwa uzoefu wangu wa kuuguza watu, saa moja ya kusikiliza kabla ya kuanza huokoa mengi.

Nimeamua kupanda. Ninapanda kwa sababu nataka kufika Springer kwa miguu, nikitokea chini, na kuendelea mbele bila kugeuka. Kwa sababu goti langu linavumilia kupanda kuliko kushuka. Na kwa sababu siku mbili fupi zitanifikisha siku ya tatu nikiwa na hali ninayoitaka. Kwa mtu ambaye goti lake linalalamika anapopanda, au mwenye likizo ya kubana ambaye kila siku ina bei yake, ningemshauri bila kusita aende barabara ya 42, na nisingemwona kuwa amepungukiwa na chochote.

Nimejiwekea sharti moja. Machi katika milima ile inaweza kuleta mvua ya barafu, na ngazi 604 zenye utelezi si mahali pa mtu mwenye shanta la kilo 13. Mwenzangu wa kazini atanifikisha Amicalola saa mbili asubuhi, na tumekubaliana asiondoke kabla ya saa nne. Nikizikuta ngazi zina barafu, nitajaribu East Ridge kwa mwendo wa nusu saa; ikiwa nako ni vivyo hivyo, nitarudi kwenye gari, tutakunywa chai tuliyoibeba kwenye chupa, na tutasubiri hadi tujue kama barabara ya msitu inapitika.

Mdogo wangu ameniomba nimpigie simu nikiwa Black Gap, mtandao ukipatikana, nimwambie nimefika saa ngapi. Ameniambia kwamba nikifika kabla ya saa tisa alasiri atanikasirikia.