Hardtop la 1HZ na mafuta: anza na magurudumu, pampu iwe ya mwisho

Hapa Mwanza Hardtop likianza kula mafuta, wa kwanza kutafutwa ni fundi pampu, yaani wa ile pampu inayosukuma dizeli kwenye injini. Sababu yake naielewa: moshi mweusi kila mtu anauona, gurudumu linaloshikwa na breki hakuna anayeliona. Gari langu ni Land Cruiser HZJ78, injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, halina turbo. Limetoka kilomita 6.0 kwa lita hadi 8.3, mjini na safari za Magu, Sengerema na Shinyanga kwa pamoja. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ilirudi kabla pampu haijaguswa. Ndiyo maana naeleza kwa mpangilio nilioufuata, kwa kuwa ukianzia mwisho utalipa pesa nyingi na breki bado zitakuwa zinashika.

Kwanza pima. Jaza tangi mpaka bomba la sheli lijifunge lenyewe, subiri dakika tatu povu la dizeli lishuke, ongeza taratibu mpaka lijifunge tena, uishie hapo. Mara nyingine rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limetazama upande uleule. Mji wetu ni wa miamba na vilima, sheli nyingi sakafu yake imeinama, na tangi lililolala upande huacha nafasi ya lita kadhaa ambayo itakuvurugia hesabu. Chukua wastani wa kujaza mara tatu. Andika kwenye daftari, maana maandishi ya risiti za EFD hufutika yakikaa kwenye dashibodi juani.

Kipimo cha kwanza kilinipa kilomita 512 kwa lita 82.6, yaani 6.2 kwa lita. Hesabu hiyo haikuwa ya kweli, na kilichoiharibu ni tairi. Gari lilikuwa limevalishwa 265/70R16 za matope, wakati tairi yake ya kiwandani ni 7.50R16. Ile pana ina kipenyo cha karibu milimita 777, ile nyembamba karibu 805. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kufika palepale, na odomita yenyewe huhesabu mizunguko tu.

Kulihakikisha hili ni kazi ya robo saa. Kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi ya nyuma, chini kabisa inapogusa sakafu, na nyingine sakafuni sambamba nayo. Weka low (zile gia za nguvu za 4x4), gia ya kwanza, gari litambae huku mwenzako akihesabu alama ikirudi chini mara kumi, kisha vuta futi kamba. Tairi pana ilitoa mita 23.7. Tairi ya 7.50R16 kwenye gari la jirani, upepo ukiwa sawa, ilitoa mita 24.5. Kwa hiyo kilomita 512 za odomita zilikuwa 495 za barabarani, na ulaji wa kweli ulikuwa 6.0. Ukibadili saizi ya tairi bila kufanya hesabu hii, utasifia au kulaumu kitu ambacho hakijafanya lolote.

Sasa magurudumu. Endesha kilomita 20 za lami, na za mwisho mbili usifunge breki, liache gari lipungue lenyewe mpaka lisimame. Pima joto la kila ringi katikati, karibu na habu, kwa kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Kama huna, sogeza kiganja karibu bila kugusa. Magurudumu matatu yalikuwa kati ya nyuzi 45 na 50. La mbele kushoto lilikuwa 96. Ukipiga jeki gurudumu la namna hiyo na kulisukuma kwa mkono, linakwenda robo mzunguko linasimama. Lililo zima huzunguka zaidi ya mzunguko mmoja na kusikika likikwaruza kidogo tu.

Kalipa za mbele za gari hili, vile vibano vya breki, hazitelezi, zina pistoni nne, mbili kila upande. Mpira wa vumbi ukichanika, vumbi la barabara za changarawe na maji huingia, pistoni inapata kutu, na ukiachia breki hairudi. Kwangu zilikuwa zimegoma mbili kati ya nne. Wengi huitoa pistoni, huisugua msasa na kuirudisha. Kama kutu imeacha mashimo, msasa hausaidii, kwa sababu sili itakatwa na yale mashimo na ndani ya miezi utarudi palepale. Badilisha pistoni yenyewe, weka seti mpya ya sili na mipira ya vumbi, uipake mafuta ya breki au grisi maalumu ya mpira wakati wa kuingiza. Grisi ya kawaida ya beringi usiiguse hapo: huvimbisha sili za breki, na sili iliyovimba ndiyo inayoshika pistoni.

Nyuma kuna kiwiko cha handbreki, kile kidude kinachovutwa na kebo karibu na sahani ya breki. Kipini chake hushika kutu, na handbreki ikishushwa chini, viatu hubaki vimegusa ngoma kidogo. Kifungue, kitoe kutu, kipake grisi, na hakikisha kinarudi mpaka mwisho chenyewe kabla hujarekebisha kebo. Anayekaza kebo kwanza anafunga ugonjwa ndani. Angalia pia habu za mbele. Nakuta Hardtop nyingi zinatembea lami mwaka mzima zikiwa LOCK, zinaburuza difu ya mbele na shafti zake bila kazi. Ziweke FREE, halafu mara moja kwa mwezi zifunge utembee kilomita chache ili oili ya huko isambae. Kazi hizi tatu pekee zilinipeleka 6.5.

Tairi nilirudisha 7.50R16. Upepo fuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, na upime asubuhi kabla hujatembea, kwa geji yako mwenyewe. Geji za vijiwe vya tairi barabarani zimeangushwa mara nyingi mno. Ringi za pete, zile zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi, zinapojazwa upepo, asisimame mtu yeyote mbele ya ile pete, ikiruka inaua. Tairi nyembamba ina msuguano mdogo, na kwa kuwa ni ndefu, mizunguko ya injini hupungua kwa kasi ileile: kwa kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya tano inakuwa karibu mizunguko 2,000 kwa dakika. Kwenye udongo mweusi wa mbuga huko Magu wakati wa mvua nilitarajia kulipia, lakini ile nyembamba hukata tope mpaka chini kwenye ugumu, wakati ile pana ilikuwa ikielea juu. Sasa 6.9.

Themostati ndiyo jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu hung'olewa kwa nia njema. Fundi anasema huku kwetu ni joto, ya nini? Anaitoa, anafunga gasketi, gari linaondoka. Dizeli inapoingia kwenye silinda iliyopoa haiungui yote, na injini hulazimika kupewa nyingine kufidia. Kuta za silinda nazo huchakaa haraka. Tena themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini, kinachofunga njia ya mkato maji yakipata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani ukiwa na mzigo gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Dalili za kutokuwepo ni mbili: mshale wa joto hushuka ukiteremka mteremko mrefu, na hita ya ndani hutoa hewa ya uvuguvugu.

Kabla ya kufunga mpya, ijaribu jikoni. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Kiwango cha kufunguka kimegongwa kwenye chuma chake. Yangu iliandikwa 82, ikaanza kuachia ikiwa 81, na maji yalipokaribia 95 ilikuwa imefunguka kabisa. Inayofunguka ikiwa 65 irudishe dukani. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kidogo kinachocheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea. Weka kulanti, maji ya ziwa au bomba yanaacha utando ndani.

Kwetu kandokando ya ziwa kuna jambo jingine la joto: usubi. Wingu lake likipita barabarani usiku, asubuhi mapezi ya rejeta na kondensa ya AC yameziba kama yamesilibwa. Hewa isipopita, feni klachi, ile inayounganisha feni na injini, hushika muda wote, na feni ile kubwa hunywa nguvu ya injini. Utaisikia ikivuma hata ukiwa lami tambarare. Osha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha ya kuoshea magari hukunja mapezi. Filta ya hewa nayo ifungue siku hiyohiyo. Ikiwa ya karatasi, ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, na isioshwe kwa maji.

Keria ya juu, ngao yake, madumu mawili na spea vilikuwa vinasukuma upepo kila siku kwa ajili ya safari mbili za mwaka. Nilivishusha vyote wakati mmoja na kubadili mwendo, kwa hiyo siwezi kutenganisha kila kimoja kimeleta nini. Mwendo peke yake nilikuja kuupima baadaye: Mwanza hadi Shinyanga na kurudi, kilomita 326, kwa kasi ya 80 nilitumia lita 37.9, kwa kasi ya 100 lita 46.6. Yaani 8.6 dhidi ya 7.0, siku mbili zinazofuatana, mzigo uleule. Hardtop ni sanduku, na upepo unaolikinza huongezeka kwa mraba wa kasi.

Vijiji vya njiani vina vibao vya 50, basi ukiona kibao kwa mbali ondoa mguu mapema, acha gari kwenye gia. Pampu ya 1HZ ukiachia mafuta huku magurudumu yakizungusha injini, gavana, kile kidhibiti kilicho ndani ya pampu, hukata dizeli kabisa. Ukiweka nyutro, injini inahitaji dizeli ya silensa, yaani ya kuunguruma bila kukanyagwa mafuta, na unapoteza msaada wa kupunguza mwendo. Kwenye kilima kama cha Bugando, shuka gia kabla injini haijaanza kutetemeka. Kukanyaga mpaka chini ukiwa gia ya juu kunaleta moshi bila mwendo. Kwenye foleni ya kivuko, zima injini. Foleni ya Kigongo iliisha Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, lakini Kamanga na Kisorya bado zipo, na silensa yenye AC ni karibu lita moja kwa saa.

Hapo ndipo nilipofika kwa fundi pampu, gari likiwa 7.8. Nozeli sita zilipimwa kwenye mashine. Shinikizo la kufunguka linatakiwa liwe karibu bar 150. Mbili zilifunguka chini ya 130 na moja ilidondosha tone kabla ya kupuliza. Tone hilo haliungui, hutoka kama moshi. Zibadilishwe zote sita, zisetiwe karibu sawa, na wosha za shaba ziwe mpya kila zinapofunguliwa, ile ya zamani imeshabanwa na itavujisha gesi. Tapeti, yaani nafasi za valvu, zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za ekzosi 0.35 hadi 0.45 mm. Mbili za ekzosi zilikuwa zimebana, na valvu isiyokaa vizuri huvujisha mgandamizo.

Pampu yenyewe ilikuwa imefunguliwa skrubu ya mafuta ili gari "lipate nguvu". Ziwa liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo haina pa kuipata nyingine. Dizeli inayozidi hewa iliyopo hugeuka masizi. Skrubu hiyo isiguswe kwa kusikiliza mlio. Pampu ifunguliwe, ipimwe kwenye benchi kwa ujazo, taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) irudishwe kwa geji yenye mshale kama wa saa baada ya kufungwa, kisha skrubu ifungwe kwa lakiri ya risasi. Fundi asiye na benchi akikwambia ataisikilizia, chukua gari lako.

Sumaku za kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia tangini nilivipima kwa daftari lilelile, kujaza mara tatu kila kimoja, na tarakimu hazikusogea.

Kwa kilomita 2,000 za mwezi, 6.0 ni lita 333 na 8.3 ni lita 241. Kinachorudisha tarakimu nyuma haraka ni kalipa, kwa hiyo kipimajoto nakipitisha kwenye ringi kila baada ya safari ya vumbi. Ringi moja ikizidi zenzake kwa nyuzi 20, gari halitembei tena mpaka jeki ipigwe.