Nilivyokula sahani moja na namba 10

Nina miaka 38, na kasi sina tena. Kwa hiyo Jumapili ile, uwanja wa mtaani kwetu Pasua, kocha aliponiambia, "Leo mpira achana nao, wewe kula sahani moja na namba 10 wao," yaani nimkabe mchezeshaji wao huyo tu, kila aendako, nilidhani ananitania. Kijana mwenyewe ana miaka kama 22, na mguu wake wa kushoto una akili kuliko mimi.

Dakika ya kumi tu kanipiga tobo, shuti likagonga mwamba. Kosa langu lilikuwa macho, maana nilikuwa naangalia mpira. Mapumziko, beki wetu mkongwe akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, mtazame kiuno. Bega linadanganya, miguu inadanganya. Kiuno kikienda, mwenyewe kaenda."

Kipindi cha pili nikasimama kati yake na goli letu, umbali wa mkono, nimemzibia kushoto ili alazimike kutumia mguu wa kulia, ambao nadhani kazi yake ni kukanyagia breki ya bodaboda tu. Kuteleza chini ili nimnyang'anye mpira, sikuteleza. Na nilimganda kabla hajapewa pasi, kwa sababu akishapokea akageuka, kwa umri wangu habari imeisha.

Mkongwe huyo hupenda kusimulia jinsi Claudio Gentile wa Italia alivyomkaba Maradona Kombe la Dunia la 1982, Italia ikashinda 2-1. Sawa, lakini Gentile alimchezea rafu mchezo mzima. Kwa marefa wa siku hizi sijui kama angefika mapumziko.

Kijana naye akashtuka, akaanza kunitembeza. Mara yuko kwenye chaki, mara kashuka kwa mabeki wao, nami nyuma kama mkia. Kugeuka, katikati yetu kweupe, kiungo wao mwingine anapita humo anavyotaka. Ikabidi tuelewane na beki wa kulia: jamaa akienda pembeni, napiga kelele "Wako!", namwachia, narudi katikati. Haikuwa rahisi. Mara mbili tulimfuata wote wawili tukagongana, na mara moja hakumfuata mtu. Kipa akaokoa, ila maneno aliyotutolea siyaandiki hapa.

Tukatoka 0-0. Namba 10 alinipa mkono huku akitazama kwingine. Mpira wenyewe nadhani niliugusa mara sita. Tukirudi nyumbani, mwanangu, aliyekaa kando ya uwanja muda wote, akaniuliza: "Baba, mbona leo hukucheza?"